Vibarua wa kahawa Karagwe: Kuingia ni rahisi, kazi ipo kwenye kuondoka

Kahawa ikiisha mtini, hesabu zinaanza.

Kwenye kata ya Rugu na vijiji vingine vya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, uvunaji wa robusta huanza karibu na Mei na kuelekea ukingoni Septemba. Hapo ndipo vibarua waliovuka kutoka Burundi, Rwanda na Uganda wanaanza kufunga mizigo.

Wengi hudhani shida ya kibarua ni kuingia nchini. Ukiangalia vizuri, shida kubwa iko kwenye kutoka, maana siku hizo za mwisho hela yake bado iko mkononi mwa bosi.

Kwa nini alipwe mwishoni?

Wapo wanaolipwa kwa siku au kwa debe. Lakini wengine hukubaliana na mwenye shamba kulipwa msimu ukiisha. Kibarua anapewa chakula na pa kulala, deni linaandikwa daftarini au linabaki kichwani.

Kila upande una sababu zake. Kwa kibarua ni kama kibubu, hela haitumiki ovyo. Mkulima mdogo naye anasubiri chama chake cha msingi kimlipe baada ya kahawa kuuzwa.

Tatizo ni pale wanapokosana. Asiye na kibali akienda kulalamika, ataulizwa karatasi zake kwanza. Bosi asiye mwaminifu analijua hilo. Akitaja tu neno "Uhamiaji", mtu anaondoka usiku bila hata nauli.

Kagera walishaona mwaka 2013

Julai 2013, Rais Jakaya Kikwete akiwa ziarani mkoani humo, alitoa wiki mbili kwa wanaoishi nchini bila kibali wawe wameondoka. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga. Makumi ya maelfu ya watu walivuka mipaka, wakiwemo waliokuwa wameishi Kagera kwa miaka mingi.

Serikali ilikuwa na hoja zake: ujambazi na silaha haramu. Lakini wiki mbili ni chache mno kuuza mifugo, kuvuna shamba na kudai madeni. Wengi waliacha mali nyuma.

Sheria ipo, ila haimfikii

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri alipe kwa fedha, siku iliyokubaliwa. Madai ya malipo yanaweza kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60. Ila siku hizo zinaisha kibarua akiwa ameshavuka Mto Kagera zamani.

Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, linaruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka kwa mkataba na kibali. Lakini kazi ambazo Tanzania ilizifungua ni za wataalamu zaidi. Mchuma kahawa hana mlango wake.

Kumwajiri mgeni bila kibali ni kosa kwa mwajiri pia, kwa sheria ya 2015. Kwa hiyo wote wawili wanajificha, na makubaliano ya mafichoni hayana shahidi. Hata mwenyekiti wa kijiji hawezi kuyashuhudia bila kujitia matatani.

Nini kifanyike?

La haraka liko kwa mkulima. Kulipa kila wiki, hata kidogo kidogo, kunapunguza deni la siku ya mwisho. Ugomvi wa hela ya wiki moja ni mdogo kuliko wa miezi minne.

La kudumu liko kwa serikali: kibali cha msimu cha bei nafuu, kinachotolewa mpakani kama pale Murongo. Serikali ingejua nani yupo na anaondoka lini, mkulima asingejificha, na kibarua angedai chake mchana kweupe.

Wapo watakaosema kibali hicho kitawanyima vijana wa Karagwe ajira. Ni hoja ya kweli. Lakini leo kibarua wa mafichoni ndiye anayeshusha bei ya kazi, kwa sababu hawezi kukataa anachopewa. Akiwa na karatasi, kijana wa hapa atashindana naye kwa malipo ya haki.

Aliyelipwa vizuri hurudi msimu ujao, tena na wenzake. Aliyedhulumiwa harudi, na kahawa iliyoiva haisubiri mtu.