HALALI YA KARATASI, HARAMU YA DHAMIRI

Ndugu Mwanachama,

Wizi duniani ni wa namna mbili. Wa kwanza ni wa mwizi avunjaye mlango usiku. Huyo akikamatwa hupigwa, hufungwa, na watoto wake huona haya kupita njiani. Wa pili ni wa yule ajaye mchana, amevaa vizuri, mkononi ana karatasi yenye muhuri. Huyu havunji mlango, kwani ufunguo amepewa na yule yule aliyewekwa kuulinda. Ukimwuliza, hukujibu kwa utulivu: "Sheria hainikatazi." Maneno hayo mawili ndiyo maradhi ya zama zetu, na ndiyo tunayotaka kuyasema leo, bila ya kumwogopa mtu na bila ya kumsingizia mtu.

Twende Bulyanhulu. Msomaji wa Unguja au Pemba huenda akauliza: ya nini sisi watu wa pwani kusafiri mpaka Kahama, katika mkoa wa Shinyanga, kwenye ukanda ule wa dhahabu unaokwenda mpaka Geita? Na avumilie kidogo, jawabu lake litakuja.

Kabla ya kampuni kubwa kukaa pale, walikuwapo wachimbaji wadogo, maelfu ya watu waliojitafutia riziki kwa sururu na kamba. Mwezi wa Agosti 1996 wakaondoshwa kwa amri ya Serikali, ili ardhi ishikwe na kampuni ya Kahama Mining, mali ya Sutton Resources ya Kanada. Mwaka 1999 Barrick, nayo ya Kanada, ikainunua Sutton, na mwaka 2001 mgodi ukaanza kutoa dhahabu. Kukazuka madai mazito ya kwamba katika kufukiwa mashimo wako watu waliofukiwa ndani yake. Serikali na kampuni zilikanusha, na ofisi ya Benki ya Dunia inayopokea malalamiko ilisema mwaka 2002 kwamba haikuona ushahidi. Sisi si mahakimu wa jambo hilo. Tunalolijua ni hili: jumuiya ya wanasheria wa mazingira iitwayo LEAT ilidai uchunguzi ulio huru, na badala ya uchunguzi huo kufanywa, waliodai ndio walioshitakiwa kwa uchochezi. Mtu asiye na la kuficha hamfungulii kesi anayeomba taa iwashwe.

Sasa tazama kazi ya kalamu. Mwaka 2010 kampuni iliyoandikishwa Uingereza kwa jina la African Barrick Gold ilianza kuuza hisa zake London. Baadaye ikajiita Acacia. Kuanzia mwaka huo hata 2013 iliwagawia wenye hisa zaidi ya dola milioni 400. Fedha hizo zilitoka wapi? Migodi yake ilikuwa Tanzania. Lakini migodi hiyo hiyo, ilipofungua vitabu vyake mbele ya mtoza kodi wetu, haikuwa na faida ya kutozwa. Ng'ombe hana maziwa akiwa zizini Kahama, na anakamuliwa ndoo kwa ndoo akifika London! Mwaka 2016 Baraza la Rufani za Kodi liliamua kwamba kampuni ile ya London ina wajibu wa kodi hapa nchini, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikaushikilia uamuzi ule. Zingatia, ndugu, kuwa katika miaka hiyo yote hapakuvunjwa kufuli hata moja. Kila jambo lilikuwa na karatasi yake, na kila karatasi ilikuwa na mwanasheria wake. Mwezi wa Juni 2017 kamati ya pili ya Rais ilipotangaza kwamba Acacia haimo katika daftari la makampuni la Tanzania, jawabu la kampuni lilikuwa kwamba walioandikishwa ni watoto wake, wenye majina mengine. Basi mwenye jina hana leseni, na mwenye leseni hana jina. Huo ndio ustadi wa biashara ya kisasa.

Lakini tukiilaumu kampuni peke yake tutakuwa tumesema nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni nduguye uwongo. Mgeni hakai barazani mpaka mwenyeji amtandikie mkeka. Nani aliyeandika sheria ya madini ya mwaka 1998, iliyoiridhisha nchi kwa mrabaha wa asilimia 3 ya dhahabu? Nani aliyekwenda London, Februari 2007, kutia saini mkataba wa Buzwagi, machimbo yaliyo katika Kahama hiyo hiyo? Alikuwa waziri wetu. Na Mheshimiwa Zitto Kabwe alipolisimamisha jambo hilo Bungeni mwezi wa Agosti mwaka ule, aliyetolewa nje alikuwa muulizaji. Mwaka 2002 muulizaji alishitakiwa. Mwaka 2007 muulizaji alisimamishwa. Siri ikilindwa kwa nguvu namna hiyo, hapana budi ina mlaji wake.

Hata ghadhabu yenyewe iligeuzwa kuwa mchezo. Machi 2017 usafirishaji wa makinikia ulipigwa marufuku, na makontena 277 yakazuiliwa bandarini Dar es Salaam. Kamati ya kwanza ilisema kila tani ina wastani wa gramu 1,400 za dhahabu. Kampuni ilisema ni kiasi cha gramu 200. Tofauti ni mara saba! Mwezi wa Julai likatolewa dai la kodi, riba na adhabu la dola bilioni 190. Watu walishangilia mabarabarani na kwenye vyombo vya habari. Kisha Oktoba 2017 yakatangazwa mapatano: dola milioni 300, hisa asilimia 16 kwa Serikali, na kugawana manufaa nusu kwa nusu. Mwaka 2019 Barrick ikawanunua wenye hisa wengine wa Acacia na jina hilo likazikwa. Januari 2020 mkataba ukatiwa saini, na kampuni ya ubia iitwayo Twiga ikashika usimamizi.

Hatukanushi kwamba asilimia 16 ni bora kuliko sifuri. Mwenye insafu huikiri kheri hata ikitoka kwa hasimu wake. Lakini tunauliza swali ambalo mtoto wa skuli anaweza kuliuliza. Ama zile bilioni 190 zilikuwa haki yetu. Basi nani aliyempa mtu ruhusa ya kuzisamehe, na kwa kikao gani? Au hazikuwa haki yetu. Basi kwa nini ziliandikwa kwa jina la umma na kutangazwa kama ni kweli? Na ile tofauti ya mara saba katika mizani ilipimwa upya mbele ya nani? Mkulima wa karafuu wa Wete au Mkoani anajua: mnunuzi na muuzaji wakikhitilafiana juu ya uzito, gunia hurudishwa kwenye mizani, watu wote wakitazama. Hawaingii chumbani wakatoka wakisema, "Tumeelewana." Sura ya Mutaffifina inawaonya wapunjao vipimo, wala haikumvua mwenye muhuri wa Serikali katika onyo hilo.

Wala usidhani sheria hazipo. Sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi ya mwaka 2015 inataka mikataba itangazwe kwa wananchi. Jiulize, ndugu: umewahi kushika mkononi mkataba wa Bulyanhulu? Unamjua mtu aliyewahi kuushika? Sheria ikimbana mnyonge hutekelezwa kabla ya jua kuchwa. Ikimbana mkubwa, hulazwa kabatini ikavikwa vumbi. Huko ndiko kufa kwa maadili: sheria ipo, muhuri upo, na haya imeondoka.

Na sasa jawabu la yule aliyeuliza, Bulyanhulu inatuhusu nini. Visiwa vyetu vina sheria yao ya mafuta na gesi ya mwaka 2016, na Oktoba 2018 ulitiwa saini mkataba na kampuni ya RAK Gas ya Ras al-Khaimah kwa kitalu cha Pemba na Unguja. Huenda chini ya bahari yetu pana kheri, huenda hapana. Mungu ndiye ajuaye. Lakini wino utakaoandika riziki hiyo ndio wino ule ule ulioandika ya Kahama, na aina ya wanasheria ni ile ile. Wasukuma hawakuambiwa mapema. Sisi tumeambiwa, kwa msiba wao. Mwenzio akinyolewa, zako tia maji. Tunadai kwamba kila mkataba wa mali ya visiwa hivi uwekwe mbele ya Baraza la Wawakilishi na usomwe kwa Kiswahili, kabla ya saini na si baada ya majuto.

Lakini dai hilo halitakuwa na uzito kinywani mwetu ikiwa sisi nasi tunasema "sheria hainikatazi." Dalali anayeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili, kisha akajificha nyuma ya karatasi, ni Acacia mdogo. Msimamizi wa mirathi anayewaandikisha mayatima saini wasiyoielewa, naye ni Acacia mdogo. Na katibu wa tawi asiyesoma hesabu za michango mbele ya wachangaji, hata kama hakula senti, anawafundisha watu kuizoea siri. Basi tunaanza nyumbani. Kila tawi lisome hesabu zake hadharani katika mkutano wake ujao: kilichoingia, kilichotoka, na kilichobaki. Mwanachama atakayeuliza ajibiwe, asitolewe nje. Tukiweza hayo katika senti zetu, tutakuwa na uso wa kuyadai katika dhahabu na mafuta.

Aliyesoma amsomee asiyejua kusoma.