Mtoto akipigwa tobo, nani acheke?

Mwezi uliopita mwanangu wa darasa la sita alidaka kwenye mechi kati ya shule yao na shule ya jirani, hapa hapa Mkotokuyana. Mpira ulikuja polepole, mpira wa kuokota kwa mkono mmoja. Akainama, miguu ikaachana, ukapita katikati. Tobo. Likawa ndilo goli pekee la mechi, wakafungwa moja bila.

Jioni tulikuwa uani tunachambua mbaazi pamoja na wageni wawili. Nikataka kuchangamsha baraza. Nikamwita, "We Mlango Wazi, hebu tuletee maji ya kunywa!" Wageni wakacheka, nami nikacheka zaidi yao. Kesho yake jina lilikuwa limeshafika shuleni. Wiki iliyofuata glavu zikapandishwa juu ya kabati. Ukimuuliza habari za mazoezi, mara mguu unauma, mara mwalimu hayupo.

Aliyenishtua ni mama yangu mzazi. Aliniita pembeni akaniambia, "Utani na mtoto huyu ni wangu mimi bibi yake. Mimi nikimwambia ana kichwa kama kibuyu, ananijibu kuwa mimi sina meno, tunacheka wote. Wewe ni baba yake. Ukimtania, akujibu nini?"

Wazazi wenzangu, neno hilo lilinikaa. Kumwomba radhi mtoto nilimwomba. Akasema, "Haina shida, baba." Mnajua wenyewe, mtoto akisema haina shida, shida ipo.

Nikaona nimtafutie hadithi za watu wazima walioaibika kuliko yeye. Nikachagua kriketi, kwa sababu mbili. Huku Nachingwea na Ruangwa sisi ni watu wa Namungo, kriketi hatuna timu ya kuigombania. Pili, ni mchezo unaoandika kila kitu kwenye daftari, mpaka sifuri ya mtu inabaki na jina lake na tarehe yake.

Kwa asiyeujua, uchukulie kama rede yenye gongo. Anayerusha halengi mwili wako, analenga vijiti vitatu vilivyosimama nyuma yako. Wewe unavilinda kwa gongo, na ukiupiga mpira mbali mnakimbia na mwenzako kubadilishana nafasi. Kila mkimbio ni pointi. Nyuma ya vijiti yupo mlinda wiketi mwenye glavu, huyo ndiye kipa wao. Waingereza walioeneza mchezo huu ndio hao hao waliotuletea hapa Nachingwea mradi wa karanga wa mwaka 1947, wakajenga na reli, wakauacha mwaka 1951. Kwa hiyo habari za kushindwa kwa kishindo hapa si ngeni.

Nilianza na za kuchekesha tu. Mwaka 1939 Uingereza na Afrika Kusini walikubaliana kucheza mjini Durban mechi isiyo na kikomo, mpaka apatikane mshindi. Walianza tarehe 3 Machi. Kufika tarehe 14 bado wanacheza. Uingereza walibakiza mikimbio 42 tu washinde, lakini meli ya kuwarudisha kwao ilikuwa inaondoka Cape Town. Wakafunga mizigo wakaenda kupanda treni. Sare. Mwanangu akauliza, "Sasa si wangemalizia tu?" Nikamwambia nahodha wa meli hakuwa mshabiki.

Nikamwambia na ya Paarl, huko huko Afrika Kusini, mwaka 1995. Daryll Cullinan alipiga mpira ukaruka hadi jikoni kwa wapishi, ukadumbukia kwenye kikaango cha ngisi. Mchezo ukasimama kusubiri mpira upoe. Ulipopoa, bado ulikuwa umelowa mafuta hadi haushikiki, ikabidi utafutwe mwingine. Hapo ndipo alipotabasamu kwa mara ya kwanza.

Ya tatu ilimgusa kila mwenye mtoto wa UMITASHUMTA pale uani. Oktoba 1996, Nairobi, kijana wa Pakistan aitwaye Shahid Afridi alikabidhiwa gongo la kuazima, la Mhindi maarufu Sachin Tendulkar. Dhidi ya Sri Lanka akapiga mikimbio 100 kwa mipira 37 tu, rekodi ya dunia iliyodumu hadi mwaka 2014. Dunia ikaambiwa mtoto ana miaka 16. Mwaka 2019 Afridi mwenyewe akaandika kitabuni kwamba alizaliwa mwaka 1975. Piga hesabu. Mama yangu akasema, "Kumbe vijeba viko dunia nzima!"

Baada ya kicheko hicho nikaingia kwenye yale niliyoyakusudia.

Mwaka 1975 lilichezwa Kombe la Dunia la kwanza la kriketi la wanaume, huko Uingereza. Sisi tulikuwepo. Ilikuwa timu moja iliyoitwa Afrika Mashariki, ya wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Tarehe 7 Juni, siku ya ufunguzi, tulifungwa na New Zealand kwa mikimbio 181. Siku hiyo hiyo mjini London, Mhindi Sunil Gavaskar alikuwa anashangaza watu kwa namna nyingine. Uingereza walikuwa wamepata mikimbio 334. Yeye alisimama na gongo mwanzo hadi mwisho, akapigiwa mipira 174, akapata mikimbio 36. Watazamaji walikasirika hadi wengine wakaingia uwanjani kumsihi. Hadi leo hiyo ni moja ya siku za ajabu kabisa katika historia ya kriketi.

Siku nne baadaye India wakakutana na sisi. Tulipata 120. Gavaskar yule yule, aliyekuwa amelala, siku hiyo akaamka. Alipata 65, na India wakamaliza kazi bila mchezaji wao hata mmoja kutolewa. Mwanangu akacheka, "Yaani aliamkia kwetu!" Naam, aliamkia kwetu. Lakini mtu aliyezomewa Jumamosi alirudi uwanjani Jumatano. Gavaskar aliendelea hadi akawa mchezaji wa kwanza duniani kufikisha mikimbio 10,000 katika mechi za siku tano.

Halafu nikamsimulia habari ya wasichana wa Mali.

Juni 2019 palikuwa na mashindano ya wanawake mjini Kigali, Rwanda. Tarehe 18 Mali walicheza na wenyeji. Timu nzima ilitolewa kwa mikimbio 6. Mitano kati ya hiyo ilitokana na makosa ya wapinzani na mipira iliyopita bila kuguswa na gongo, mmoja tu ndio uliopigwa kwa mkono wa mchezaji. Rwanda walihitaji mipira minne kushinda. Siku mbili baadaye Uganda wakawapiga 314, Mali wakajibu kwa 10. Tarehe 22 ikawa zamu yetu. Tanzania ilipata 285, ikashinda kwa mikimbio 268.

Uani pakawa kimya. Mtoto akauliza, "Baba, hao wa Mali, baada ya ile sita, kweli walirudi tena uwanjani?"

"Walirudi."

"Na baada ya ile kumi?"

"Walirudi pia. Walikuja wakasimama mbele yetu."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nimefungwa moja tu."

Sikuongeza neno. Zamani ningetia mahubiri hapo. Safari hii nilimwacha akae na neno lake.

Usiku uliofuata aliniomba mwenyewe hadithi nyingine, nikampa ya kipa mwenzake. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya ilicheza na West Indies kwenye Kombe la Dunia. West Indies ni timu ya visiwa vya Karibi, waliochukua kombe hilo mara mbili za mwanzo. Ndani yake alikuwemo Brian Lara, ambaye mwaka 1994 alipata mikimbio 501 katika zamu moja ya kupiga. Kenya walikuwa wageni wa mashindano, wameshafungwa na India, Australia na Zimbabwe. Siku hiyo wakapata 166 tu.

Mlinda wiketi wa Kenya aliitwa Tariq Iqbal. Mipira ilikuwa inamponyoka ponyoka mikononi, na watu walikuwa wanamcheka. Lara akaingia. Alipofikisha mikimbio 8, Rajab Ali akarusha, mpira ukagusa ukingo wa gongo ukaenda moja kwa moja kwa Tariq. Safari hii ukakaa. West Indies wote wakatolewa kwa 93, Maurice Odumbe akachukua watatu na kuwa mchezaji bora wa mechi. Kumbukumbu ya siku hiyo huja mara moja tu kila baada ya miaka minne, kwa sababu ya tarehe yenyewe.

Na West Indies waliochekwa dunia nzima? Mechi iliyofuata waliifunga Australia, na wakafika nusu fainali.

Mpira wa gongo una maajabu hata majuzi. Juni 2024 Uganda walicheza Kombe la Dunia la mechi fupi kwa mara ya kwanza. Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha mipira yake yote 24 dhidi ya Papua New Guinea akaruhusu mikimbio 4 tu, na Uganda wakapata ushindi wao wa kwanza. Siku tatu baadaye, katika nchi hiyo hiyo ya Guyana, West Indies waliwatoa Uganda wote kwa 39. Shujaa wa leo na kichekesho cha kesho ni mtu mmoja.

Wazazi wenzangu, sisemi tusicheke na watoto. Nyumba isiyo na kicheko ni ghala. Ninachosema ni kile alichoniambia mama yangu. Utani ni wa watu wanaoweza kujibizana. Gavaskar alikuwa na siku ya pili ya kujibu. Tariq alikuwa na mpira uliofuata. Mtoto aliyetaniwa na baba yake mbele ya wageni hana pa kujibia, isipokuwa kupandisha glavu juu ya kabati.

Kwa hiyo tukubaliane machache. Mtoto akirudi ameshindwa, mpe kwanza maji na chakula, maswali yasubiri. Usimpe jina linalotokana na kosa lake, maana jina likitoka nyumbani huwahi shuleni kabla yake. Kama lazima mcheke aibu ya mtu, anza na yako. Mimi nilimweleza jinsi nilivyoanguka na baiskeli na gunia la ufuta mbele ya posa ya shangazi yake, watu wote wakiwa wamevaa vizuri. Kicheko cha siku hiyo kilikuwa changu, nilikitoa kwa hiari.

Jumapili iliyopita nilimsikia anamsimulia bibi yake lile tobo, yeye mwenyewe, bila kuulizwa. Mpira uliokuja polepole sasa ulikuwa kombora. Bibi akamwambia, "Mume wangu, na hiyo miguu yako ya korongo, hata ng'ombe angepita!" Akajibu, "Bibi, na wewe hata uji unakuponyoka mdomoni." Wakacheka hadi wakashikana.

Glavu bado ziko juu ya kabati. Ila jana jioni nilikuta kigoda kimesogezwa hapo chini yake. Sikukigusa, na sikumuuliza mtu.

Tukutane wiki ijayo.