KUPANDA MIKOKO NI KAZI, ILIPWE KAMA KAZI

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wa tawi uliopita nilisimama nikaomba chama chetu kiwaangalie watu wanaopanda mikoko katika mahori ya Mombasa. Ndugu mmoja akanijibu, "Sisi ni watu wa reli. Mikoko ni mambo ya wavuvi na akina mama." Watu wakacheka, nami nikaketi. Leo namjibu kwa maandishi, maana katika karatasi hapana mtu wa kunikata maneno.

Mimi ni mtu wa genge la njia. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, wala sijifanyi mtaalamu. Lakini kazi naijua. Mtu akiamka saa kumi za usiku ili ayawahi maji yakipwa, akainama topeni mpaka jua limchome mgongo, na msimamizi akasimama juu yake akihesabu miche, mtu huyo anafanya KAZI. Na afanyaye kazi ni mfanyakazi, hata akiitwa kwa jina gani.

Nasema hivi kwa sababu ya dada yangu. Mradi mmoja ulikuja katika hori la kwao. Wakapewa fulana, wakapigwa picha, wakaambiwa watalipwa kwa hesabu ya miche. Dada yangu alifanya kazi hiyo zaidi ya miezi mitano bila karatasi yoyote. Siku moja alikatwa mguu na chaza, kidonda kikaoza, akalala nyumbani wiki tatu. Alipokwenda kuuliza habari ya dawa, akajibiwa, "Mama, wewe ni mwanakikundi, umejitolea. Si mfanyakazi wetu."

Basi nauliza: mtu aliyejitolea anahesabiwa miche kwa nini? Mtu aliyejitolea anakatwa pesa akichelewa kwa nini?

Na hiyo miche yenyewe iko wapi? Mzee mmoja mvuvi alimwambia msimamizi, "Hapa ni chini mno, maji hayaondoki vizuri. Tangu nizaliwe sijaona mkoko ukisimama hapa." Msimamizi alikuwa kijana mgeni, na karatasi yake ilidai hesabu itimie kabla ya mwisho wa mwezi. Wakapanda. Kabla ya mwaka kwisha vilibaki vijiti vyeusi, na baadaye hata vijiti vikachukuliwa na maji. Lakini katika ripoti miche ile ilikwisha kuhesabiwa. Mradi ukashukuriwa, dada yangu akabaki na kovu.

Ndugu zangu, sisi wa reli tusijifanye kwamba hadithi hii hatuijui. Ni hadithi yetu wenyewe. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 mpaka ikafika Kisumu mwaka 1901, waliletwa watu zaidi ya 30,000 kutoka India, na karibu 2,500 wakafia hapa. Baada ya hapo, kwa miaka mingi, kazi zilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini na koleo. Aliyeuliza sababu aliambiwa Mwafrika hana ujuzi. Chuo cha reli kule Nairobi kilifunguliwa mwaka 1956, yaani miaka 55 baada ya gari la moshi kufika Kisumu. Hesabu mwenyewe. Asiyefundishwa atapata wapi ujuzi?

Wimbo huo huo unaimbwa leo ufukoni. Tunaambiwa watu wa pwani ni wazuri wa kubeba miche, lakini wa kupima, kupanga na kusimamia lazima watoke mbali. Mimi siwachukii wataalamu. Mtaalamu mwema ni baraka, na wengine ni watoto wa nchi hii hii. Nisemalo ni hili: mtaalamu anayekuja mwaka hadi mwaka bila kumwachia mwenyeji ujuzi wake hakuja kujenga, amekuja kula.

Na ujuzi wa mikoko ni ufundi, usidanganywe. Mbegu ya mkoko huchipua ingali mtini, na yafaa kujua ipi imekomaa na ipi bado. Mlilana hukaa mbele kwenye bahari, mkoko nyuma yake, mkandaa juu zaidi, na mchu huvumilia pale penye chumvi kali. Ukichanganya, umepanda kuni. Yakupasa kujua bamvua na maji mafu, na kuzibua njia za maji zilizozibwa na tope. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha tope katika hori la Mwache, na mikoko mingi ikafa kwa kukosa pumzi mizizini. Tena kuna mahali fundi wa kweli husema, "Hapa tusipande kitu. Tufungue maji tu, mbegu zitakuja zenyewe." Lakini nani atasema hivyo ikiwa analipwa kwa mche? Akisema kweli, watoto wake watalala na njaa. Ukilipa kwa hesabu ya miche utapata miche. Ukitaka msitu, mlipe mtu atakayeutunza mpaka usimame.

Asiyeamini kwamba mwenyeji aweza, na aende Gazi, katika Kwale. Mikoko ya huko ilikatwa sana miaka ya 1970 kuwa kuni za viwanda. Katika miaka ya 1990 watafiti na wanakijiji wakaanza kupanda upya. Mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, ulio wa wanakijiji wenyewe, kulinda hekta 117 za mikoko na kuuza hesabu ya kaboni. Fedha zake zimeleta maji na kusaidia shule, na mwaka 2017 mradi huo ukapewa tuzo la Umoja wa Mataifa liitwalo Equator. Wanaopima miti kule si malaika waliotoka Ulaya. Ni watu waliozaliwa wakinusa tope lile.

Hata hivyo, tusichanganye mambo mawili. Bomba la maji la kijiji ni jambo jema, lakini si mshahara. Sheria ya tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 yasema mradi wa kaboni wa ardhi uipe jamii mapato yasiyopungua asilimia 40 ya mwaka uliotangulia, baada ya kutoa gharama. Soma maneno hayo ya mwisho tena: BAADA YA KUTOA GHARAMA. Gari ni gharama. Semina ya hotelini ni gharama. Mshahara wa mpanda mikoko nao ni gharama, na huo ndio wa kwanza kupunguzwa. Kisha mama huyo huyo aambiwe ashukuru kwa bomba! Mimi mjini nanywa maji ya bomba, lakini sijaona mwajiri akininyima mshahara kwa sababu hiyo.

Wengine watasema, "Mkidai mishahara, wafadhili watakimbia." Ndugu, maneno hayo ni ya zamani kuliko sisi. Makuli wa bandari waliambiwa hivyo hivyo. Walikuwa vibarua wa siku, leo unaitwa, kesho unarudishwa. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000, wa bandari na wa reli pamoja, waliweka kazi chini. Meli hazikuikimbia Kilindini. Bandari ipo, na reli ipo.

Kazi hii nayo haiishi kesho. Kenya ina mikoko karibu hekta 61,000, na zaidi ya nusu iko Lamu. Serikali ilitangaza mwezi wa Desemba 2022 kwamba ifikapo mwaka 2032 itapandwa miti bilioni 15 katika nchi. Je, miti hiyo itapandwa na mafundi au na vibarua wa picha? Hilo ndilo swali, na ni swali la vyama vya wafanyakazi.

Na sheria tunayo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyoweza kwisha kwa miezi mitatu, asiendelee kuhesabiwa kibarua wa siku. Haikusema isipokuwa topeni. Haikusema isipokuwa wanawake. Nayo Katiba, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Lakini sheria isiyo na mtu wa kuidai ni kama ngoma isiyo na mpigaji.

Kwa hiyo naleta haya mbele ya tawi letu, yajadiliwe na kupigiwa kura:

1. Kila mradi wa kurudisha mikoko uwape watu wake mkataba ulioandikwa, katika lugha wanayoisoma.

2. Malipo yawe kwa siku na kwa mwezi, pamoja na matunzo ya miaka inayofuata. Yasiwe kwa hesabu ya miche iliyochomekwa.

3. Mwashi na fundi umeme hutahiniwa gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Mpanda mikoko naye atahiniwe apewe cheti, na mzee mvuvi ajuaye maji asinyimwe kwa sababu hajui Kiingereza.

4. Mradi ukija na msimamizi mgeni, useme tangu siku ya kwanza ni mwenyeji gani anafundishwa kushika nafasi hiyo, na ni lini ataishika.

5. Anayeumia kazini atibiwe na kulipwa fidia kama sheria inavyotaka.

6. Chama chetu kitume watu wawili waende mahorini kuwaeleza wafanyakazi hao haki zao na kuwasaidia kujiunga na chama kinachowafaa.

Ndugu yule aliyesema sisi ni watu wa reli alisema kweli. Ndiyo maana nimeandika. Tumekaa Mombasa miaka yote hii tukila samaki wanaokulia katika mizizi ile. Bandari, barabara na reli zimekula mikoko, nasi tulikuwamo kazini. Tuna deni.

Na tusisahau kwamba sisi pia tulikuwa watu wa kuambiwa hatuna ujuzi. Leo tukiwacheka wenzetu walioko topeni, kesho watakapotuletea vibarua wasio na mkataba kuja kulala mataruma mahali petu, nani atatulilia?

Mkutano ujao nitasimama tena. Safari hii, asicheke mtu kabla ya kusoma.

UMOJA NI NGUVU.

Wenu katika chama,
Mtu wa Genge la Njia, Changamwe