Minara Imejaa Kariakoo, Bando Linawashinda Watu

NENO LA MCHAFUKOGE
Na Zuhura Kilindo

Tukizungumzia uhaba wa intaneti Tanzania, wengi huwaza kijiji cha mbali kisicho na mnara. Sisi wa Mchafukoge na Kariakoo hatuna shida hiyo. Minara iko juu ya mapaa, faiba imepita chini ya barabara, na mkongo wa SEACOM ulitua hapa hapa Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ukafuata mwaka 2010. Mtandao upo. Kinachomshinda mtu wa kipato cha chini ni bei, na hasa namna anavyolazimika kuununua.

Mtazame winga wa Mtaa wa Kongo. Hana duka wala mtaji. Asubuhi anapita kwenye maduka ya watu, anapiga picha magauni yaliyoshuka jana, anayatupia kwenye statasi na kwenye magrupu ya wateja wa Mbeya na Lubumbashi, kisha anasubiri ujumbe. Simu ndiyo duka lake. Kabla ya adhuhuri bando limekata, na mteja yuko katikati ya kuuliza saizi. Utamsikia akimbembeleza mwenye duka: "Bosi, niwashie hotspoti kidogo, nimalizane na mteja." Bosi akikubali, riziki imepatikana. Akikataa, mteja anahamia kwa winga mwingine.

Kijana huyu hanunui kifurushi cha mwezi kwa sababu hela ya mwezi haishiki kwa pamoja. Leo ananunua cha mia tano, kesho cha elfu moja, kama mafuta ya kula ya kupima: jumlisha vipimo vya mwezi mzima, utakuta amelipa kuliko jirani aliyebeba dumu. Mwenye ofisi ghorofani analipia faiba mara moja kwa mwezi wala hahesabu MB. Maskini analipa ghali kuliko tajiri kwa kitu kile kile, tena mara nyingi kwenye jengo lile lile. Ukikaa usiku na mlinzi wa ghorofa pale Mtaa wa Jamhuri, muombe afungue Wi-Fi kwenye simu yake. Itajitokeza orodha ndefu ya mitandao, kila mmoja na kikufuli chake pembeni.

Na mlinzi huyo ana binti anayeomba mkopo wa HESLB. Maombi ni mtandaoni. Kazi za serikali zinaombwa kupitia Ajira Portal, jina la biashara linasajiliwa BRELA kwa mtandao, matokeo ya NECTA yanatoka mtandaoni. Naunga mkono mageuzi hayo, yamepunguza foleni na kuzungushwa. Lakini serikali ikishahamisha dirisha lake, isimwachie raia gharama yote ya kulifikia.

Gharama hiyo ina mkono wa serikali pia. Kwa zaidi ya miaka kumi ushuru wa bidhaa kwenye huduma za mawasiliano haujashuka chini ya asilimia 17, na juu yake inakuja VAT ya asilimia 18. Kwenye bando la shilingi 1,000, zaidi ya shilingi 270 ni kodi. Vifurushi vidogo vya siku, ambavyo mnunuzi wake anajulikana ni nani, vinastahili kupunguziwa mzigo huo.

Halafu kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF. Sheria iliyouanzisha mwaka 2006 inataja maeneo ya vijijini na pia maeneo ya mijini yasiyo na huduma ya kutosha. Vijijini umejenga minara, na ni haki yao. Mjini utafsiri upungufu kwa bei. Mtu anayekaa chini ya mnara akashindwa kuutumia hajafikiwa.

Uwezo hatujaukosa. Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kwenye njia ya wapanda Kilimanjaro. Nairobi nako, kampuni ya poa! ilikwenda kwenye mitaa kama Kibera na kuuza intaneti ya nyumbani isiyopimwa kwa MB, kwa bei ya watu wa hapo. Vijana wetu wanaotaka kugawa faiba moja kwa wapangaji wa nyumba nzima, TCRA iwape leseni ya ngazi ya mtaa kwa ada wanayoiweza.

Aprili 2021 bei za vifurushi zilipopanda, wananchi walipiga kelele na serikali ikasitisha bei mpya. Kelele zilifaa wakati ule, na sasa tuzielekeze kwenye Wi-Fi ya umma. Soko la Kariakoo lililoungua 10 Julai 2021 limejengwa upya kwa mabilioni ya fedha za umma. Madiwani wa Jiji, pamoja na TTCL na UCSAF, wekeni Wi-Fi ya bure sokoni humo, Mnazi Mmoja na Maktaba Kuu, na mtenge fedha ya kuiendesha kila mwaka. Msomaji wa Mchafukoge, diwani wako akiitisha mkutano wa mtaa, muulize itawashwa lini.