Bunduki Moja, Macho Mawili



Ndugu na dada zetu wa Kibabii, Bungoma, Kitale na popote mnaposoma ukurasa huu. Kila kukitokea shambulizi hapa nchini, maneno mawili huanza kuzunguka kwenye simu. La kwanza, ati raia wapewe bunduki wajilinde. La pili, ati Waislamu wachunguzwe. Mara nyingi ni mtu yule yule anasema yote mawili. Vijana wetu wanauliza: sisi tuko wapi kwa hii maneno? Tutetee raia kumiliki bunduki au tupinge? Jibu liko na sehemu mbili, na tunaomba usome zote mbili kabla ya kujibu.

Tuanze na Westgate. Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013, magaidi wa Al-Shabaab waliingia kwenye jumba hilo la Nairobi na watu 67 wakauawa. Kati ya waliotangulia kuingia kuokoa watu walikuwemo raia waliobeba bastola zao za leseni. Mmoja wao ni Abdul Haji, mwana wa marehemu Seneta Yusuf Haji, na leo yeye mwenyewe ni Seneta wa Garissa. Ndugu yake alikuwa amekwama ndani. Picha ya mtoto msichana akimkimbilia, yeye akiwa na bastola mkononi, ilizunguka dunia nzima. Muislamu, Mkenya Msomali, na silaha mkononi, na nchi ikamwita shujaa.

Haikupita hata mwaka. Aprili 2014 ikaja operesheni ya Usalama Watch. Maelfu ya watu wakashikwa, hasa Eastleigh, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa. Wengi wao hawakuwa na bunduki wala kisu. Walikuwa na jina na sura. Hapo ndipo shida yetu ilipo. Mwenye ndevu na kanzu akionekana na silaha, swali la kwanza si "leseni yako iko wapi?" Swali ni "wewe ni wa kundi gani?"

Sasa sheria inasemaje? Katiba yetu ya 2010 haimpi Mkenya yeyote haki ya kuwa na bunduki, tofauti na Marekani. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka uwe na cheti, uwe na sababu nzuri, na anayekupa aridhike kwamba usalama wa umma hautaingia hatarini. Mwisho wa 2018 serikali iliagiza raia wote wenye bunduki wakaguliwe upya. Masharti makali namna hiyo tunayakubali, mradi yawe makali kwa wote. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi wa dini, na kinataja hata mavazi. Kifungu cha 47 kinasema uamuzi wa ofisi ya umma ukiathiri haki yako, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa hivyo mlinzi wa duka, mfanyabiashara au mfugaji Muislamu akinyimwa cheti, aambiwe kwa nini. Jina la Abdi au Hamisi si sababu.

Hiyo ni sehemu ya kwanza. Ya pili ndiyo wengine hawatapenda.

Kuna watetezi wa bunduki ambao hawaishii kwa bastola. Wanataka raia aruhusiwe bunduki ndefu za semi-otomatiki, kwa sababu ni za michezo. Bunduki hiyo ukivuta kifyatulio risasi moja inatoka, na nyingine inajipakia yenyewe. Huhitaji kukoki tena. Kazi yako ni kuvuta na kuvuta mpaka risasi ziishe. Kule Marekani bunduki za aina ya AR-15 zilikuwa na sifa mbaya, na mwaka 2009 chama cha wafanyabiashara wa silaha kikaanza kuzitangaza kama "bunduki za kisasa za michezo". Bunduki ilibaki ile ile, jina ndilo lilibadilika.

Tuwe wakweli, hoja yao si ya kipuuzi. Kulenga shabaha ni mchezo wa kale, na dini yetu haikuukataza. Mtume (SAW) alihimiza watu wajifunze kutupa mishale, na siku ya Idi Wahabeshi walicheza na mikuki ndani ya msikiti wake naye akiangalia. Ni kweli pia kwamba wengi wenye leseni hawajawahi kumdhuru mtu, na kwamba huko Marekani kwenyewe bastola zinaua watu wengi kuliko hizo bunduki ndefu. Na bastola nyingi za siku hizi zinajipakia pia.

Lakini tukumbuke Christchurch, New Zealand. Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019, mtu mmoja mwenye chuki aliingia Masjid Al Noor wakati wa Swala ya Ijumaa, kisha akaenda msikiti wa Linwood. Waislamu 51 wakafa mashahidi. Mtu huyo alikuwa na leseni, na bunduki za semi-otomatiki alizotumia alizinunua dukani kihalali. Pale Linwood aliyemkabili, ndugu yetu Abdul Aziz, hakuwa na bunduki. Alimrushia mashine ya kulipia kadi, kisha akaokota bunduki ambayo muuaji alikuwa ameitupa, na haikuwa hata na risasi. Tarehe 10 Aprili 2019, bunge la New Zealand lilipiga kura 119 kwa 1 kupiga marufuku nyingi za bunduki hizo. Wawindaji na wapiga shabaha walilalamika, na kilio chao kilisikika, lakini nchi iliangalia yale makaburi 51.

Watetezi watasema Kenya shida ni bunduki haramu. Tunakubali. Shirika la Small Arms Survey lilikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki kama 750,000, na zilizosajiliwa ni 8,136 tu. Sisi wa huku hatuhitaji kuhubiriwa. Kundi la SLDF pale Mlima Elgon lilisema linatetea ardhi. Kwa mujibu wa Human Rights Watch, lilihusika na vifo vya watu zaidi ya 600. Machi 2008 jeshi likaletwa kwa operesheni ya Okoa Maisha, na wanaume wakakusanywa na kuteswa, mwenye hatia na asiye na hatia. Yaani mwananchi aliumizwa na wenye bunduki, kisha akaumizwa tena na waliokuja kuzitafuta.

Ndiyo maana hatuwezi kuunga mkono kuongeza bunduki za aina hiyo majumbani, hata kwa jina la michezo. Leseni inakagua mwenyewe. Haimkagui mwizi atakayevunja mlango, wala kijana wa nyumba mwenye hasira. Na siku bunduki hiyo ikipotea, mlango wa nani utagongwa kwanza usiku? Mnajua jibu.

Mtume (SAW) huyo huyo aliyeruhusu mishale aliagiza kwamba anayepita nayo msikitini au sokoni ashike vichwa vyake, asije akamjeruhi mtu. Silaha inaruhusiwa, na usalama wa aliye karibu nawe unatangulia.

Msimamo wetu basi ni huu. Anayefuzu masharti ya sheria apewe cheti bila kuangaliwa dini, na anayenyimwa aelezwe kwa maandishi. Bunduki ndefu za semi-otomatiki zisifunguliwe kwa raia. Anayependa shabaha ashiriki kwenye klabu yenye leseni, na bunduki zibaki huko chini ya kufuli. Msako wowote wa silaha ulenge mtu na ushahidi, si mtaa wala msikiti.

Ukiwa na taarifa ya bunduki haramu, ripoti. Sheria inataja AK-47, G3 na MP5 kwa majina, na ukipatikana nayo bila kibali unaweza kufungwa maisha. Usikubali mtu yeyote "akuwekee" mzigo nyumbani. Ukishikwa, Kifungu cha 49 kinakupa haki ya kuambiwa sababu, kuongea na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Ukidhulumiwa na polisi, andika jina la kituo, saa na namba ya afisa, kisha upeleke kwa IPOA au kwa ofisi ya Tume ya Haki za Binadamu, KNCHR, pale Kitale. Usikae nayo rohoni.

Wabillahi tawfiq. Toeni maoni yenu kwa heshima, na mtumie mwenzako asome.