Joto la Darasa Huingilia Paani

Mazungumzo juu ya ujenzi wa kisasa yamevuma kwa muda sasa, hata katika vyumba vya walimu. Mojawapo ya mbinu zinazosifiwa ni kuta za kalibu za polistirini, ile plastiki nyeupe na nyepesi ambayo sote tumeiona ikikinga televisheni mpya ndani ya sanduku lake.

Mbinu yenyewe ni hii. Matofali makubwa ya plastiki hiyo, yenye uwazi katikati, hupangwa moja juu ya jingine. Vyuma husimikwa ndani, kisha zege humiminwa. Zege likishashika, kalibu hazibanduliwi kama mbao za mafundi wetu, bali hubaki pande zote mbili zikiufunika ukuta mithili ya blanketi. Werner Gregori wa Kanada aliomba hataza ya kalibu za namna hii katika miaka ya 1960, na si ajabu. Kule watu hulipia joto la nyumba zao msimu mzima wa baridi, na polistirini hupitisha joto kwa kiasi cha sehemu moja tu kwa 40 ya zege.

Sina ugomvi na uvumbuzi huo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali langu ni moja: je, ugonjwa wetu ni ule ule wa Mkanada?

Nchi yetu imepitiwa na ikweta. Saa sita za mchana jua huwa utosini, si ubavuni. Kinachochomeka kwanza, basi, ni paa. Mwalimu aliyewahi kufundisha chini ya mabati matupu saa nane alasiri anawajua wanafunzi wanaosinzia si kwa uvivu. Mvua nayo ikinyesha, sauti yake humezwa na kishindo, na somo likaishia hapo. Kumjengea mwanafunzi huyo ukuta wa gharama na kuliacha bati bila dari ni kumfunika mgonjwa miguu hali kichwa kinanyeshewa.

Isitoshe, katika nyanda za juu ukuta wa mawe hunywa joto la mchana na kulitoa pole pole usiku wa baridi. Zege lililofungiwa ndani ya plastiki halipati nafasi hiyo. Pwani kwenye unyevu, upepo ndio dawa. Wajenzi wa Lamu, mji ulioingizwa katika Turathi za Dunia mwaka 2001, walilijua hilo. Kuta zao ni nene, za matumbawe na chokaa, na vichochoro vyao vyembamba vina kivuli. Aidha, mchwa huweza kutoboa njia ndani ya polistirini, na ikishika moto hutoa moshi wa sumu, hivyo sharti ifunikwe kwa lipu.

Rai yangu kwa kamati za shule ni kwamba fedha zikipatikana, zianze na dari, upenu mpana, madirisha yanayotazamana na miti ya kivuli. Nanyi walimu wa sayansi, wapeni wanafunzi vipimajoto viwili, kimoja kiwekwe chini ya bati, kingine ukutani, wavisome kila saa kwa wiki moja. Takwimu hizo zipelekwe mbele ya kamati kabla ya mkataba wowote kutiwa saini. Usiache mbachao kwa msala upitao, hasa kabla ya kuupima.