Zohali Katika Kioo cha Simu

Huenda mkashangaa kumwona mwanafunzi wa fasihi akiandika kuhusu darubini. Hata mimi nilishangaa. Hata hivyo hoja ninayoileta hapa ni ya lugha, na sikuipata maktabani. Niliipata Siakago, katika nyanda kame za Mbeere, usiku mmoja wa Septemba 2024, nikiwa nimeinama nyuma ya darubini ya kuazima yenye lenzi ya kipenyo cha milimita 70, simu yangu ya kawaida nimeishikilia juu ya kioo cha kutazamia.

Mwalimu wa fizikia aliyeniazima chombo hicho alikuwa ameniusia niitafute ile nyota iliyotulia, isiyometameta, upande wa mashariki. Picha zangu za kwanza zilikuwa doa jeupe tu. Kamera ya simu ikiona giza tele na nukta moja ya mwanga huhukumu kwamba kila kitu ni giza, ikazidisha mwanga hadi sayari ikafutika. Dawa yake ni kuigusa sayari kwenye kioo cha simu, kisha kuteremsha mwangaza kwa kidole. Nilipofanya hivyo doa lilinywea, likapata kingo, na pande zake mbili ukachomoza mstari mwembamba. Lilifanana na punje ya mbaazi iliyodungwa kijiti. Zilikuwa pete, nazo zilionekana nyembamba kiasi hicho kwa sababu zilikuwa zikielekea kutugeuzia ubavu, jambo lililotimia Machi 2025.

"Kaka, hii ni sayari gani?" akauliza binamu yangu wa Gredi ya 8.

"Zohali."

"Zohali ni ya saba," akanisahihisha. "Yenye pete inaitwa Sarateni."

Alikuwa ameitoa orodha hiyo katika kitabu kikuukuu cha dadake. Sikuwa na haki ya kumcheka, maana ndiyo niliyoikariri mimi mwenyewe katika shule ya msingi: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi. Nilipata alama zote.

Hebu tuitazame orodha hiyo kwa jicho la mtu aliyeshika darubini. Zohali ni jina lililotujia kutoka Kiarabu, na huko tangu kale ni jina la sayari ya sita, ile ya mwisho ambayo wahenga waliifuatilia kwa macho matupu. Sayari ya saba, Uranusi, iligunduliwa na William Herschel mwaka 1781, kwa darubini. Itakuwaje basi jina liwe na umri mkubwa kuliko ugunduzi wa kitu kinachoitwa kwalo? Sarateni nayo ni saratani, yaani kaa, na Kausi ni upinde. Hayo ni majina ya buruji, makundi ya nyota, na wala hayajawahi kuwa ya sayari. Zebaki ndiyo kinaya kikubwa zaidi. Waingereza wana neno moja kwa sayari ya kwanza na kwa ile madini ya majimaji, na mfasiri wetu akatafsiri madini. Utaridi, jina halisi la sayari hiyo, likabaki bila kazi, likasukumwa hadi kwa Pluto, ambayo nayo ilivuliwa hadhi ya sayari kuu mwaka 2006.

Wapo watakaonijibu kwamba lugha ni makubaliano, na kwamba tukikubaliana Zohali iwe ya saba, basi ni ya saba. Nawaheshimu, baadhi yao ni wahadhiri wangu. Lakini makubaliano hayo yalifanywa na nani, na lini aliinua macho? Zohali huonekana kwa macho matupu kutoka ua wowote wa Embu. Uranusi, kwa kifupi, haionekani na mpita njia. Mtu aliyewahi kumwonyesha mtoto kitu kwa kidole hawezi kukipachika jina la kingine. Kosa letu lilizaliwa mezani, kati ya kamusi mbili, na haliwezi kurekebishwa kwa kamusi ya tatu.

Sisi wa Meru na Embu tuna udhuru mdogo kuliko wengine. Barabara itokayo Embu hukata Ikweta baada ya Nkubu, kabla ya kufika mjini Meru. Kwa sababu hiyo sayari hutupitia karibu na utosi, ambako mwanga wake hupenya hewa kidogo, na picha hutulia. Mpiga picha wa London mara nyingine hana budi kuzilenga zikiwa chini karibu na mapaa. (Tuna shida yetu pia: vile vitegemeo vya darubini vinavyopaswa kuelekezwa kwenye ncha ya anga vimeundiwa nchi za kaskazini, na kwetu, ambako ncha hiyo iko kwenye upeo wa macho, hukataa kulala kiasi kinachotakiwa.) Julai na Agosti mawingu hufunika miteremko ya Mlima Kenya, lakini ukishuka Mbeere au Tharaka mara nyingi anga hukunjuka.

Januari 2025, nikiwa Meru, nilirekodi video ya Mshtarii. Bila mota, sayari huvuka kioo kwa dakika mbili hivi, kwa hiyo mkono mmoja husukuma darubini na wa pili hushika simu. Programu za bure kama RegiStax na AutoStakkert huchagua fremu zilizotulia na kuzirundika ziwe picha moja. Mikanda miwili ya mawingu ilijitokeza. Miezi minne aliyoiona Galileo mwaka 1610 ilihitaji picha nyingine yenye mwanga zaidi, ambamo sayari yenyewe iliungua. Nami nikajikuta nikisema "kurundika" na "kuungua" kwa binamu yangu bila kuwaza, naye akayachukua maneno hayo kama aliyazaliwa nayo. Ni semina gani ya istilahi imewahi kupata mafanikio ya haraka hivyo?

Kiswahili si mgeni angani. Setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa miale ya eksirei kutoka anga za mbali ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, pwani ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru.

Pendekezo langu kwa chama chetu, na kwa wenzetu wa Chuo Kikuu cha Embu, Chuka na Meru, ni kwamba fedha za kongamano moja zinunue darubini moja ndogo. Tuwaalike wanafizikia, tupige picha za sayari tano zinazoonekana kwa macho, na kila picha ichapishwe katika jarida hili ikiwa na jina lake, tarehe na mahali ilipopigiwa. Ya Zohali ninayo tayari. Imetikisika kidogo, lakini kijiti kinaonekana.